Nyumba Yangu Imeandikwa Sufuri

3 Februari

Mume wangu mdogo,

Marahaba, maana najua ungekuwa mbele yangu ungeshaniamkia. Mimi nipo, magoti yapo, sikio la kushoto limebaki jina tu. Ndiyo maana nasema tena usinipigie simu. Nasikia "Bibi", halafu nasikia upepo. Barua naweza kusomewa mara tatu na haikatiki. Anayeniandikia ni Mama Fotokopi wa kibandani, kama kawaida, na ameapa kuandika ninachosema hata nikimsema yeye.

Habari za hapa. Baba yako mdogo hajaonekana tangu mwaka uanze. Akionekana nitajua ana shida. Mpangaji wangu wa chumba cha uani, yule fundi saa, bado anachelewa kila aendako.

Sasa neno lililonileta. Fundi wa paa uliyeniahidi amekuja Jumanne. Ahsante sana, Mungu akuzidishie. Ila nikwambie ukweli, fundi huyo ni wa ajabu. Kaja na viatu vinang'aa, mkoba, na hana ngazi. Nikajisemea, labda mafundi wa siku hizi wanapanda kwa akili. Kaniambia, "Bibi, nimetumwa na mjukuu wako nije niiangalie nyumba." Nikamwambia pita, baba, uiangalie vizuri.

Sikumficha kitu. Nimemwonyesha panapovuja juu ya kitanda. Nimeondoa kalenda nikamwonyesha ufa ulio nyuma yake. Nimempigia ukuta kofi ili aone lipu inavyomwagika. Nimeutikisa mlango wa jikoni ili asikie unavyolia. Yeye anaandika tu. Kila nikitaja ubovu, anaandika, mpaka nikaona raha, nikamwongezea na mambo ya zamani ambayo nilikwisha kuisamehe hii nyumba.

Kisha akatoka nje na kidude kinachotoa nukta nyekundu, akawa anapima kutoka ukutani mpaka barabarani. Nikamwambia, "Mwanangu, paa liko juu, mbona wapima barabara?" Akacheka. Chai alikunywa vikombe viwili. Atarudi lini na mabati?

Bibi yako

27 Februari

Shikamoo Bibi, mke wangu wa kwanza,

Nimefurahi kusikia magoti yapo. Huku joto linaanza kupungua. Kwenye kiwanda chetu cha kufulia mashuka ya hospitali yanakuja malori kwa malori, mashine hazipumziki. Ninayeishi naye chumbani, tunayefanya naye kazi, anakusalimu. Anasema bibi yake yeye hakumwachia utani wowote, basi anaazima wako.

Kuhusu yule mtu wa Jumanne, usijali. Si fundi wa paa hasa. Wa paa atakuja mwingine, nitamtafuta. Na bahasha yoyote ikija hapo kwa jina langu, tafadhali usiifungue. Niwekee tu.

Samahani barua ni fupi. Mkono umechoka.

Mjukuu wako

19 Machi

Mume wangu,

Salamu utazipata mwishoni kama zitabaki.

Bahasha imekuja na nimeifungua. Wewe umekua mikononi mwangu, unajua kabisa kwamba mimi nikiambiwa usifungue nafungua kwa meno. Nikampelekea Mama Fotokopi asome. Alianza kusoma amesimama. Alipofika ukurasa wa pili alikaa. Nikamwuliza, nani kafa?

Akaniambia, "Bibi, huyu bwana ni mthamini. Kazi yake ni kusema nyumba ina bei gani."

Bei! Nani kaniona nimetundika kibao mlangoni?

Nikamwambia soma. Akasoma: kiwanja, milioni mia nne na kumi. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia hizo ni hesabu za kiwanja cha nani? Akasema chako, Bibi, kwa sababu barabara kubwa mpya imekisogelea. Mimi nililalamikia vumbi la barabara hiyo miaka miwili, kumbe vumbi lilikuwa linapandisha bei.

Nikauliza, na nyumba je? Akageuza ukurasa. Nikamwambia wewe, nimekuuliza nyumba. Akasema, "Jengo: sufuri."

Mjukuu wangu, nilidhani sikio langu limenisaliti. Nikageuza la kulia. Akasema tena sufuri. Halafu kwa sauti ya chini akasema chini ya sufuri kuna mstari mwingine: toa milioni sita, gharama ya kubomoa. Yaani nyumba yangu hata kwenye sufuri haijafika. Mwenye kuichukua inabidi apewe pole.

Na chini yake ubovu wote umeorodheshwa, mmoja baada ya mwingine, kwa maneno yangu mwenyewe! Mlango unaolia, upo. Kalenda, ipo. Nimeishtaki nyumba yangu kwa mdomo wangu na chai nikammiminia anayeandika.

Unajua ile sebule nimeijenga kwa kitu gani? Kwa mashati ya hoteli. Miaka sita ya pasi ya mkaa, kola kwanza, mikono, halafu mgongo. Jikoni ni sare za manesi. Chumba chako ni mapazia ya ukumbi wa harusi, mazito kama maiti, na nilikuwa nimekubeba mgongoni mama yako akiwa ametangulia. Ndiyo hiyo sufuri.

Nilirudi nikasimama mlangoni kwangu kama mgeni. Nilitaka kubisha hodi, wallahi.

Sasa nijibu, usizunguke. Nani kamtuma, na kwa nini?

Bibi yako

14 Aprili

Shikamoo Bibi,

Nimesoma barua yako nikaona haya. Ni mimi niliyemtuma. Nilimwambia majibu alete kwangu, lakini akafuata anwani iliyo kwenye hati. Nisamehe kwa ile sufuri. Hao watu wana namna yao ya kuhesabu, nyumba ya zamani hawaipi kitu, wala si kwa ubaya.

Nilitaka kujua tu. Watu kazini huzungumza, huyu ana hiki, yule ana kile, ndipo nikajiuliza sisi tuna nini. Basi. Siuzi, Bibi. Sijasema nauza.

Nakuomba jambo moja: Baba Mdogo asijue.

Chumba ni kile kile, afya ni ile ile. Mengine tutazungumza Mungu akipenda.

Mjukuu wako

6 Mei

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Umechelewa. Baba yako mdogo anajua, mkewe anajua, na sidhani kama kuna paka wa mtaa huu asiyejua. Mama Fotokopi anasema yeye alimwambia msusi wake peke yake. Nimemwambia aandike hilo na ameliandika huku amenuna.

Baba yako mdogo alikuja Jumapili na godoro jipya. Godoro! Mtu ambaye kwa miaka kumi hajaniletea hata kibiriti. Akawa anatembea uani kwa hatua ndefu, moja, mbili, tatu, akidhani sioni. Kisha akaja akanikalia karibu. "Mama," anasema, "hivi unajua umekalia pesa?" Nikamwambia nimekalia kigoda, na wewe umekalia sabuni yangu, hebu inuka. Akasema, "Mama, unazeekea mahali ghali sana." Nikamwuliza mahali rahisi pa kuzeekea ni wapi, kwake? Akaangalia saa.

Fundi saa naye kaja kuniuliza ahame lini. Na kodi kaileta kabla ya tarehe, ndipo nikajua mambo yameharibika.

Lakini si hao walioninyima raha. Alipokuwa anaondoka, baba yako mdogo kanirushia neno: "Hata hivyo, si yako wala si yangu. Hati ina jina la mtoto." Nilikuwa nimesahau, wallahi. Siku ile ofisi ya ardhi, karani kaniletea kile kidude cha wino, nibonyeze dole gumba mbele ya foleni nzima ya watu. Niliona aibu. Nikasema hapana, mjukuu wangu anajua kuandika, mwandikeni yeye. Ulikuwa na miaka kumi na minane, ukaweka saini yenye mkia mrefu, mimi nikajivuna mpaka nyumbani. Kumbe kwa kukimbia aibu ya wino nilikuwa nahamia kwako. Miaka hii yote mimi ni mgeni wako na hukuwahi kuniambia karibu.

Hilo nimelimeza. Lipo lingine limekataa kushuka.

Mimi sijui kusoma, lakini barua zako zote ninazo, na huwa nazitoa nazitazama. Nakujua mkono wako kama ninavyojua shati lililopigwa pasi na mtu mwingine. Juzi nimezipanga kitandani, za zamani huku, za mwaka huu kule. Za zamani herufi zako zimesimama, zimenyooka, kila moja na nafasi yake. Hizi mbili za mwaka huu zimelala upande kama nguo kamba ikikatika. Nikamwita Mama Fotokopi aje aone. Akavaa miwani akasema, Bibi, hata mimi nilidhani ni haraka.

Barua hizi nani anaziandika? Kama si wewe, uko wapi? Kama ni wewe, una nini?

Bibi yako

11 Juni

Mjukuu wangu,

Wiki ya tano. Siulizi nyumba. Sitaki habari ya nyumba. Nimeuliza mkono.

Bibi

2 Julai

Shikamoo Bibi,

Barua hii nimeianza mara nne. Ni mimi ninayeandika, kwa mkono wa kushoto.

Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa kwenye mashine ya roli, ile inayopiga pasi mashuka. Ni magogo mawili ya chuma ya moto yanayozunguka, shuka linaingia huku limekunjamana linatoka kule limenyooka. Shuka moja lilijikunja pembeni. Nikafanya ulichonifundisha, nikalinyoosha kwa vidole kabla joto halijalishika. Kwenye pasi yako ya mkaa mtu anawahi. Roli haimsubiri mtu. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimekwenda. Kidole gumba na kidole cha mwisho vimebaki.

Nilipokuwa hospitalini alikuja bwana mmoja wa kampuni na karatasi yenye mchoro wa mkono. Kila kidole kina namba yake, na kila namba ina bei. Kidole gumba ndicho ghali kuliko vyote. Alinipongeza kwamba changu kimepona. Akajumlisha vitatu, akageuza karatasi, akaniambia weka saini hapa. Nikaweka kwa kushoto. Hata hakuniuliza vilikuwa vinafanya nini.

Bibi, nilibaki na ile bei kichwani. Sikujua ni kubwa au ndogo. Sikuwa na cha kulinganisha nayo. Mtu anakuambia mkono wako ni kiasi hiki, wewe unafanyaje? Kitu kingine nilicho nacho kwa jina langu duniani ni nyumba. Basi nikachukua sehemu ya pesa ya vidole nikamlipa mthamini. Nilitaka tu kusikia namba nyingine. Huo ndio ukweli wa "kujua tu".

Ulipoandika sufuri, nilikaa na barua yako siku nzima.

Sasa sikiliza lililobaki. Tangu mwezi wa tatu sina kazi. Walinipeleka kukunja taulo, nikawa mzito, wakanishukuru. Nakaa kwa hisani ya huyu mwenzangu. Na yule mthamini ameniandikia kwamba yupo mnunuzi, ana pesa mkononi, anataka jibu kabla Agosti haijaisha. Sijamwambia ndiyo. Sijamwambia hapana vilevile. Siku nyingine naamka nimeshakubali, ikifika mchana nimekataa. Nasema nitakununulia pengine, pasipovuja. Halafu nakumbuka nani alijenga.

Kurudi naona haya. Ulinipa ufundi mmoja, na niliuweka kwenye mkono huu.

Nisamehe.

Mjukuu wako

20 Julai

Mjukuu wangu, roho yangu,

Nilimwambia Mama Fotokopi arudie pale penye vidole. Akashindwa. Akafunga kibanda mchana kweupe, wateja wamesimama na karatasi zao, tukakaa ndani wawili.

Nimepigwa na butwaa mpaka leo ni siku ya sita. Nachukua kikombe nasahau nilitaka kunywa nini. Miezi saba! Miezi saba wewe huko unajifunza kushika kijiko upya, mimi huku nakuandikia habari za lipu na mlango unaolia! Nimelilia ukuta, mwanangu, nimelilia ukuta na vidole vyako havipo. Ungekuwa karibu ningekuchapa, kisha ningekushika nisikuachie.

Na huyo bwana wa mchoro, siku akipita mtaa huu nitamwuliza ulimi wake una namba gani.

Sasa tuseme ya nyumba, tena nayasema mara moja. Karatasi ni ya kwako. Niliitoa kwa akili zangu na siidai. Nimemwambia hivyo baba yako mdogo na godoro lake nimempa arudi nalo, kalibeba kichwani mtaa mzima ukimtazama. Ukiamua kuuza, mimi sitalala chini mbele ya tingatinga. Nitafunga pasi zangu na masufuria yangu nitoke kwa miguu yangu. Nimefikiri sana kabla ya kulisema hili na Mama Fotokopi kaniuliza mara mbili kama aliandike. Liandike. Nilikasirikia sufuri kwa sababu nilidhani nyumba ndiyo kitu nilichojenga kwa yale mashati yote. Siyo. Mimi nilikuwa nalea mtoto, na mtoto anahitaji paa.

Lakini kwa barua sikubali. Huwezi kuniuza ukiwa mbali unaandika kwa herufi zilizolala. Utakuja hapa. Utaingia chumbani kwako, utakula, utanyamaza siku mbili tatu kama ulivyokuwa ukinyamaza ukitoka shule umepigana. Halafu utakaa mbele yangu, na ule mkono uuweke juu ya meza nikiuona, ndipo useme Bibi nauza, au Bibi siuzi. Lolote utakalosema siku hiyo nitalipokea. Huyo mnunuzi mwambie Agosti ina siku nyingi.

Na usiniletee hiyo habari ya haya. Haya ni yangu mimi niliyekimbia wino. Wewe umeumia kazini.

Kuhusu nauli, najua huna, usiniongopee. Nimeuza kabati la babu yako, lile la milango mitatu. Alikuja yule muuza samani za mitumba. Akaanza kulizunguka, anagonga mbao, anafungua anafunga, anatoa tochi anamulika bawaba, anasema Bibi hili ni la zamani sana, mbao hizi hazipatikani tena, inabidi tuangalie vizuri thamani yake. Nikamwambia, wewe, zima tochi. Nikamgeukia Mama Fotokopi: nauli ya basi kutoka kule aliko mpaka hapa ni kiasi gani? Akataja. Nikamwambia yule bwana, toa hiyo.

Kashangaa. "Bibi," anasema, "nisikudhulumu, hili lina thamani mara nne ya hiyo."

Nikamwambia, kwani nimekuuliza?

Pesa anakutumia Mama Fotokopi leo kwa simu yake. Nguo za babu yako nimezikunja, ziko sakafuni. Basi la Alhamisi linaingia saa nane mchana, nitakuwa nimesimama stendi tangu asubuhi. Njoo.

Bibi yako